Nguzo ya Waya

Waya ninayo: mita ishirini na kidogo,
shaba niliyoichuna kwenye mota iliyoungua
pale garaji ya Muhindo, Katindo.
Kinachokosekana ni kitu cha kuiinua.

Miaka kumi na minne niliketi kwenye foni,
kibanda cha mbao, watu wamejipanga hadi barabarani,
naita Walikale, naita Punia, naita Lubutu:
mwambieni Masumbuko dada yake amejifungua,
mwambieni asitume tena chumvi.
Simu za mkononi zikaja. Foleni ikayeyuka.
Mwenye kibanda akauza mbao, nami nikauziwa redio.

Mpwa wangu Kasereka anataka bomba la chuma.
"Shangazi, chuma iko muzuri, haiozi."
Bomba ni dola themanini, Kasereka.
Na radi ya mji huu haijawahi kupotea njia;
ya nini kuiwekea kibao?

Jirani Nabintu akaleta mwanzi, zawadi,
mwepesi, unauinua kwa mkono mmoja
na wa pili bado umeshika kikombe.
Niliupenda siku mbili.
Siku ya tatu upepo ukapanda kutoka ziwani
na mwanzi ukainama, ukainama,
kama mtu aliyedondosha faranga mia sokoni.

Uani kuna mgrevilea. Najua mnachotaka kusema.
Lakini mti ulio hai una shughuli zake:
unayumba, unanenepa, unameza kamba,
na waya haina subira na mambo ya ukoo.

Basi, mkaratusi.
Ulishuka kutoka Kibumba juu ya chukudu,
mita tisa, kijana mmoja akisukuma,
mwenzake nyuma ameshika ncha
iliyofungwa kitambaa chekundu.
Nikamwambia agonge kule kwa jiwe.
Nikaweka sikio huku.
Jiwe likafika wazi, bila mkwaruzo.
Sikuuliza tena juu ya ubora, nilibishana bei tu.

Mita moja nikaiahidi ardhi.
Ardhi gani? Hapa kwetu hakuna udongo,
kuna jiwe lililowahi kutembea.
Byamungu fundi alikuja na mtaimbo na nyundo.
Siku ya kwanza: cheche na matusi.
Siku ya pili: shimo la kutosha kuku kuoga.
Siku ya tatu mtaimbo ukabadilisha sauti,
akaniita, "Mama, njoo uone hii."

Sementi nyekundu.
Nikashuka na ndoo ya maji, nikaosha kwa kiganja,
nao ukatokea ufa tulioziba kwa sementi nyeupe
mwaka ule nilioolewa, marehemu mama akilalamika
kwamba kiraka kinaonekana kuliko ufa.
Jiko lake. Pale sufuria, pale mlango,
pale alipoketi akichambua sombe.
"Nivunje?" aliuliza Byamungu.
Nikasema hapana. Nguzo isimame juu yake.

Tuliisimamisha watu sita, kamba tatu,
mmoja wa sita akiwa mtoto wa kupiga kelele.
Kileleni kuna kapi, ili waya ishuke nikitaka.
Sikuifunga kamba ya nailoni kwenye msumari:
niliiacha ining'inize bidoni yenye kokoto,
upepo ukivuta, bidoni inapanda;
upepo ukichoka, inashuka.
Anayefunga kila kitu kwa nguvu
ataokota waya yake vipande vipande.

Jioni nikaita. Mkwaruzo.
Nikaita tena, nikitaja herufi zangu pole pole
kama mtu anayepima unga wa mkopo.
Mkwaruzo, kisha mwanamume, mbali sana,
sauti yake imekunjwa kama barua ya zamani:
"Nakupata vizuri, mama. Uko wapi?"

Nilikuwa nimeshika kitufe tayari.
Radi ikanguruma upande wa Masisi,
ile ya kwanza, ambayo huwa haiji peke yake.
Nikachomoa waya.

Nje, gizani, bidoni ilikuwa ikipanda,
ikishuka, ikipanda.
Nilikaa na lile swali hadi mvua ilipokwisha.